Morfini ya maji, choo kilichofunga na harufu ya kidonda: tunamuuguza mama nyumbani Likoni

BintiLikoni · Jumapili, saa 3 usiku

Assalaam aleikum nyote. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii ya kuuguza nyumbani.

Mgonjwa ni mama yangu, miaka 58, saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi alimaliza, ugonjwa ukarudi. Hospitali imetuambia sasa atatibiwa maumivu akiwa nyumbani. Tuko Likoni, Mombasa, chumba kimoja chenye dirisha dogo, maji tunayotumia mengi ni ya kisima, yana chumvi. Maji matamu tunanunua kwa mitungi.

Dawa alizopewa ni morfini ya maji, chupa imeandikwa miligramu 1 kwa mililita 1, anywe mililita 5 kila masaa 4. Tunampa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kuna panadoli tembe 2 mara tatu kwa siku, na tembe za metronidazoli.

Yanayotusumbua ni haya. Kila siku saa 9 usiku anaamka na maumivu makali. Hajapata choo kigumu siku ya sita leo, lakini tangu jana anatokwa na majimaji nyuma. Harufu ya uchafu unaomtoka mbele imekuwa nzito hata wageni wanakaa barazani, na yeye anaona haya. Juu ya mfupa wa matako pana weusi uliokoza. Tena kaka yangu mkubwa anataka morfini isimamishwe, anasema mama atakuwa teja.

Tufanye nini, na kwa utaratibu gani? Muuguzi wetu anapatikana kwa simu siku za kazi.

---

MuuguziWaPwani · Jumapili, saa 3:40 usiku

Aleikum salaam binti, pole sana kwa kuuguza. Naanza na morfini, kwa sababu mama akilala vizuri ndipo hayo mengine yatawezekana.

Itazame ratiba yako. Dozi ya mwisho ni saa 4 usiku na inayofuata ni saa 12 asubuhi: pengo la masaa 8. Morfini ya maji hushika maumivu kwa masaa 4 hivi. Saa 8 usiku imeshakwisha nguvu, na saa 9 mama anaamka akilia. Usiku hauna ubaya wowote hapo, ni dozi moja inayokosekana. Kuna njia mbili za kuliziba pengo hilo: mgonjwa anaamshwa saa 8 usiku anywe dozi yake ya kawaida, au dozi ya saa 4 usiku inatolewa maradufu, yaani kwa mama ingekuwa mililita 10, ndipo afike asubuhi. Wauguzi wengi wa hospisi, yaani huduma ya kutuliza wagonjwa wasioponyeka, huandika hii ya pili. Yawezekana kwenu iliandikwa lakini karatasi ikasomwa haraka. Hebu itazame tena kadi: zikiandikwa namba 6, 10, 2, 6, 10 hizo ni saa za Kizungu. Kumi ya mwisho ni saa 4 usiku kwetu. Wapo wanaoisoma saa kumi alfajiri, na dozi kubwa ikaangukia wakati si wake.

Usimwongezee usiku huu kwa kufuata maneno yangu ya mtandaoni. Leo mwamsheni saa 8 usiku mumpe mililita 5 zile zile, maana "kila masaa 4" ndivyo alivyoandikiwa, kisha kesho asubuhi mpigieni muuguzi mumuulize juu ya dozi ya maradufu. Ikiwa saa 8 hiyo mtamkuta ana usingizi mzito asioweza kuamka na kuzungumza, msimpe.

Sababu ya kukuhimiza umpigie ni figo. Saratani ya mlango wa kizazi ikikua hubana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikishindwa, mabaki ya morfini hayatoki mwilini, yanajikusanya. Muuguzi atakuuliza: mkojo umepungua? Misuli inarukaruka mikono ikiwa imetulia? Anaona au anazungumza na watu wasiokuwapo? Uso au miguu imevimba? Uwe na majibu kabla ya kupiga. Yakiwa ni ndiyo, kipimo huenda kikapunguzwa au masaa yakasogezwa mbali, wala hakitaongezwa.

Muombe pia akuandikie dozi ya ziada, ile ya maumivu yanayochomoza kati ya saa na saa. Mara nyingi ni sawa na dozi moja ya kawaida. Ikitolewa, ile ya saa yake haisogezwi wala hairukwi. Na daftari ni lazima: saa, mililita, maumivu kabla na baada kwa namba 0 hadi 10. Daftari ndilo linalompa muuguzi hesabu. Mfano: dozi za ratiba kwa siku ni miligramu 30 (tano mara nne za mchana, na kumi za usiku). Akihitaji dozi za ziada tatu za miligramu 5, jumla ni 45. Ukigawa kwa 6 unapata 7.5, na hapo muuguzi anaweza kuamua kipimo kipya kiwe mililita 7.5 kila masaa 4. Bila daftari anakisia.

Pimeni kwa sirinji isiyo na sindano, si kwa kijiko cha jikoni, kwa kuwa vijiko havilingani. Na kila mkichukua chupa mpya, someni nguvu yake kabla ya kuondoka kwenye dirisha la dawa. Ipo ya miligramu 1 kwa mililita na ipo ya miligramu 10 kwa mililita. Mililita 5 za hiyo ya pili ni mara kumi ya anachokunywa mama sasa. Makosa makubwa ya morfini nyumbani huanzia hapo.

Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo, au baada ya kuongezewa, ni kawaida, kwani mtu analipa deni la usingizi alionyimwa na maumivu. Ukimwita akaitika, akaongea, akarudi kulala, ni sawa. Asipoitika ukimtikisa bega, au pumzi zikishuka chini ya 8 kwa dakika nzima uliyohesabu kwa saa, dozi inayofuata msimpe na mtafute msaada papo hapo.

---

MfamasiaMajengo · Jumapili, saa 4:15 usiku

Mie nashika choo, kwa sababu hapo pana hatari ambayo haionekani.

Siku sita bila choo kigumu kisha majimaji: mara nyingi hayo si kuharisha. Choo kimekauka na kuziba njia, na majimaji ya juu yanapita pembeni. Mkinunua dawa ya kufunga tumbo dukani mtaziba zaidi. Pia kwa ugonjwa wa mama, hasa baada ya mionzi, yawezekana pana tundu kati ya utumbo na uke, na majimaji yanapita hapo. Angalieni kwa makini yanatokea wapi, mbele au nyuma, na yana rangi gani, kisha mumweleze muuguzi bila kuona haya. Kwa sababu hiyo hiyo msijaribu wenyewe kumpiga bomba la tumbo wala kuingiza tembe au kidole nyuma. Nyama iliyopigwa mionzi ni dhaifu, hutoboka. Apime muuguzi kwanza.

Morfini hufunga choo kwa kila mtu, na tofauti na kichefuchefu chake kinachoisha baada ya siku chache, huku kufunga hakuishi. Kwa hiyo anayeandikiwa morfini huandikiwa na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Sioni kwenye orodha yako. Inayopatikana kwa urahisi ni bisakodili ya miligramu 5, na kawaida huanza tembe 1 hadi 2 usiku, ikapandishwa mpaka 3. Hufanya kazi baada ya masaa 6 hadi 12, ndiyo maana humezwa usiku ili choo kije asubuhi. Tembe imezwe nzima, isisagwe, na isimezwe kwa maziwa wala chai ya maziwa: maziwa huyeyusha ganda lake tumboni kabla haijafika kwenye utumbo, na mgonjwa akapata msokoto mbaya. Maji matupu.

Lakini kabla ya kumpa, hakikisha hana dalili za utumbo kuziba: tumbo kujaa na kuwa gumu, kutapika, msokoto wa kuja na kuondoka, na hata hewa haipiti. Zikiwapo hizo, bisakodili haimfai. Ni safari ya hospitali.

Papai na uji mwepesi vinasaidia kidogo, ila kumjaza makapi ya nafaka ilhali hanywi maji ya kutosha huongeza kuziba. Na naomba msikilize hili la madafu: watu wa Pwani mgonjwa akidhoofika tu tunamletea madafu. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Figo zikiwa nzima hapana neno, lakini zikiwa zimebanwa potasiamu hupanda na kuuvuruga moyo. Mpaka muuguzi aseme figo zikoje, msimpe madafu kwa wingi.

Panadoli tembe 2 mara tatu ni sawa. Kama mama amekonda chini ya kilo 50, muulizeni muuguzi kama zipunguzwe, na chungeni dawa za mafua, nyingi zina panadoli ndani. Diklofenaki na ibuprofeni msinunue kwa ushauri wa jirani, zinaumiza figo ambazo tayari tuna wasiwasi nazo.

---

Mhudumu_Kisauni · Jumapili, saa 4:50 usiku

Binti, harufu inatibika. Siyo lazima mama akae peke yake.

Inatoka kwa vijidudu vinavyoishi kwenye nyama iliyokufa pasipo hewa, na metronidazoli ndiyo inayoviua. Ulisema anazo tembe lakini hukusema anazimezaje. Angalia kadi: je, zimeandikwa za kumeza, au za kusagwa na kunyunyiziwa? Kwa kidonda kilicho nje kwenye ngozi, tembe husagwa mpaka iwe unga laini kabisa na kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa, mara moja kwa siku, kwa wiki hivi au mpaka harufu iishe. Kwa uchafu unaotoka ndani, kama wa mama, muuguzi ndiye atakayeamua zimezwe au ziwekwe ndani, na atakuonyesha. Ukikuta mmekuwa mkizitumia vivyo sivyo, hapo ndipo sababu ya harufu kutoisha.

Kusafisha: chukua chupa ya maji ya nusu lita, ile ya dukani. Chemsha maji matamu dakika 10, yapoe yawe vuguvugu, mimina humo na utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Toboa matundu madogo kwenye kifuniko. Mama akae juu ya beseni au alale juu ya shuka la mpira na leso (kanga), mimina taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kausha kwa kugusagusa, usisugue, damu itaanza. Asubuhi na jioni, na kila akichafuka. Yakibaki, kesho yake mwaga, tengeneza mengine.

Maji ya kisima chenu msiyatumie kwa hili hata mkiyachemsha. Watu husema "si yana chumvi tayari?" Chumvi yake hamjui ni kiasi gani, na kuchemsha hakuipunguzi, inaongezeka maji yakikauka. Kidonda kitawasha. Mgawo mzuri ni huu: kisima kwa kupigia deki na kufulia mkono wa kwanza; maji matamu kwa kidonda, mdomo, kunywa na suuzo la mwisho la nguo. Hilo suuzo la mwisho lina maana. Sabuni haitoi povu vizuri kwenye maji ya chumvi na haitoki kitambaani, kwa hiyo leso inabaki ngumu na kumchuna ngozi.

Pedi za dukani zikiwa ghali, kata leso kuukuu za pamba ziwe vipande, kunja mara nne. Zilizotumika loweka kwenye jiki, kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 6 vya maji, dakika 10, ukiwa na glavu, kisha fua na uanike juani. Kwenye ngozi inayozunguka paka vaselini kabla ya kuweka kitambaa, ili majimaji yasiile.

Chini ya kitanda weka karai lenye makaa makavu ambayo hayajawashwa. Yanavuta harufu. Udi na ubani wekeni kando kwanza. Najua ndiyo desturi ya nyumba zetu, lakini moshi ukichanganyika na harufu ya kidonda humtia mgonjwa kichefuchefu, na chumba chenu dirisha ni dogo. Mlango wazi, pazia la leso, na feni ielekee nje dirishani itoe hewa ya ndani.

---

BintiLikoni · Jumapili, saa 5:05 usiku

Shukran sana, nyote. Nimeangalia kadi sasa hivi. Metronidazoli imeandikwa ya kumeza, na amekuwa akimeza. Morfini imeandikwa hivyo hivyo, 6-10-2-6-10, na kwenye 10 ya mwisho kuna "x2" ambayo hatukuielewa! Dawa ya choo haikuandikwa. Mkojo naona ni mdogo kuliko zamani lakini sijapima. Tumbo ni laini, hatapiki. Majimaji yanatoka nyuma.

Kuhusu ule weusi mgongoni?

---

MuuguziWaPwani · Jumapili, saa 5:15 usiku

Hiyo "x2" ndiyo dozi ya maradufu. Basi iliandikwa. Hata hivyo, kwa kuwa umesema mkojo umepungua, usiku huu fuateni lile la kumwamsha saa 8 kwa mililita 5, na asubuhi jambo la kwanza mumwambie muuguzi habari ya mkojo kabla ya kuanza maradufu. Kuanzia sasa pimeni: anapokojoa, kwenye kopo lenye alama za mililita, na muandike.

---

Mhudumu_Kisauni · Jumapili, saa 5:30 usiku

Weusi: gusa kwa nyuma ya vidole. Kwenye ngozi yetu usitafute wekundu tu. Pakiwa pana joto kuliko pembeni, au pagumu, au pamelegea kama tunda lililoiva mno, na rangi haibadiliki ukibonyeza, kidonda cha kulalia kimeanza ndani ingawa ngozi haijachubuka.

Tangu sasa asilale chali. Mlaze upande, lakini si ubavu mzima, maana mfupa wa nyonga nao utaumia. Mwegemeze nyuzi 30 hivi: mto mmoja mgongoni kutoka bega hadi kiunoni, mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Mgeuzeni kila masaa 2. Njia rahisi ya kukumbuka ni kumgeuza kila mnapompa morfini, na mara moja katikati ya dozi na dozi. Usiku, kama godoro ni zito na ngozi haijapasuka, saa 4, saa 8 na saa 12 inatosha; usingizi nao ni dawa. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai, mwili wote unazama kiunoni.

Kumgeuza, tumieni leso. Ikunje mara mbili kwa urefu, ipite chini yake kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili, mmoja kila upande, viringisheni kingo mpaka zikaribie mwili, hesabuni tatu, mnyanyue ndipo mumsogeze. Kumburuta ndiko kunakochuna ngozi. Msipasugue mahali palipokuwa peusi, hata kwa mafuta ya nazi, kwani mishipa ya chini imeshaumia na kusugua kunaimaliza. Na lile duara la mpira watu wanalokalisha wagonjwa, liacheni: linabana damu pembezoni mwake. Mpira wa kuzuia mkojo usiguse ngozi. Kwa joto letu la Mombasa, hasa kaskazi, mtu anaoga jasho juu yake. Weka juu yake leso mbili kavu, badilisha ikilowa.

---

Salim_wa_Mshomoroni · Jumatatu, saa 1 asubuhi

Habari ya kaka. Asilaumiwe, mji wetu umeumizwa sana na unga wa kulevya na kila mtu ana wa kumlilia. Mwelezeni hivi. Teja hutafuta dawa ili alewe, na kila siku maisha yake yanazidi kuharibika. Mama anakunywa kipimo kilichopimwa, kwa saa, maumivu yanashuka, na anaweza kula na kuzungumza na wajukuu. Kipimo kikiongezwa baadaye huwa ni kwa sababu ugonjwa umekua. Mwili kuizoea ni jambo la kweli, na ndiyo maana haisimamishwi kwa ghafla: mgonjwa atatetemeka, atatoka jasho, ataharisha, na maumivu yote yatarudi kwa mara moja. Ikibidi kupunguza, muuguzi hupunguza hatua kwa hatua.

Mpeni kaka kazi ya kushika daftari. Anayeandika mwenyewe kwamba maumivu yalikuwa 8 na baada ya nusu saa yakawa 3 hahitaji kushawishiwa.

Ila wasiwasi wake una upande mmoja wa haki: chupa ikijulikana mtaani itaibwa. Iwekwe kwenye kasha lenye kufuli, mbali na jua na joto la dirishani, ufunguo ashike mtu mmoja mchana na mmoja usiku. Wageni wasiambiwe jina la dawa. Ikibaki baada ya matumizi, irudishwe ilikotoka.

---

UmmuMtongwe · Jumatatu, saa 2:20 asubuhi

Dada, hukuuliza lakini nalitaja kwa sababu wagonjwa wa ugonjwa huu wengi wanaumia nalo moyoni kimya kimya: swala. Damu inayotoka kwa ugonjwa si hedhi, ni istihadha. Haimkatazi kuswali wala kushika msahafu. Wakati wa swala ukiingia msafishe, mvalishe kitambaa kikavu, kisha atawadhe na aswali faradhi hiyo bila kuchelewa, hata kama itatoka nyingine katikati. Atafanya hivyo kwa kila faradhi. Asiyeweza kukaa huswali amelala, na maji yakimdhuru atatayamamu. Usafi wa kidonda wa asubuhi na jioni upangeni ulingane na alfajiri na magharibi, mtapunguza kumsumbua. Kwa undani zaidi mwiteni ustadhi wenu aje akae naye, maneno yake yatamtuliza kuliko yangu.

---

MuuguziWaPwani · Jumatatu, saa 3 asubuhi

Nimalizie mambo ya dharura, kwa kuwa mko ng'ambo ya kivuko.

Yafuatayo hayasubiri kesho. Damu inayolowesha kitambaa kizima na haipungui. Homa ya 38 na kuendelea. Miguu kupungua nguvu au kufa ganzi pamoja na maumivu ya mgongo, au kushindwa ghafla kukojoa: hiyo huenda ni uti wa mgongo kubanwa, na ukicheleweshwa miguu hairudi. Kutokojoa kabisa kwa nusu siku. Tumbo kujaa na kutapika.

Kwa damu, wekeni tayari leso mbili tatu za rangi iliyoiva, nyekundu nzito au nyeusi, karibu na kitanda. Damu kwenye shuka jeupe humtisha mgonjwa na wauguzaji kuliko kiasi chake. Muulizeni muuguzi mapema kama atawaachia dawa ya kupunguza kutoka damu, na namna ya kuitumia. Dawa ya dharura inaombwa kabla ya dharura.

Safari: kila mnapotoka kwenda kliniki mpeni dozi nusu saa kabla ya kumwinua, na chupa, sirinji na kadi ziwe mkobani. Foleni ya feri ikichanganyika na ya hospitali, masaa 4 yanaisha mkiwa njiani. Mkiwa na gari, barabara ya Dongo Kundu inatokea Miritini bila kuvuka kwa feri; ni mzunguko mrefu lakini mgonjwa analala kiti cha nyuma. Tuktuk kwa mtu mwenye kidonda cha mgongo ni mateso, kila tuta analihisi. Na kama muuguzi wenu hapatikani, Coast Hospice iko ndani ya eneo la hospitali ya Coast General, kazi yao ni hii hii. Nendeni na kadi, mgonjwa si lazima awepo mara ya kwanza. Anaweza kwenda yule anayejua daftari.

Karatasi za hospitali zenye jina la ugonjwa wekeni nakala nyumbani, pamoja na kitambulisho chake. Wakati ukifika, Mungu ampe wepesi, naibu wa chifu atazihitaji kwa taarifa ya kifo kilichotokea nyumbani na kibali cha mazishi, na sisi tunaozika siku hiyo hiyo hatuna nafasi ya kuanza kuzitafuta.

---

BintiLikoni · Jumatatu, saa 6 mchana

Nimempata muuguzi. Atakuja leo jioni kupima tumbo na nyuma kabla ya dawa yoyote ya choo, na ataleta bisakodili. Maradufu ya usiku amesema tusubiri aone mkojo, tuendelee kumwamsha saa 8. Jana usiku tulimwamsha, akalala hadi alfajiri. Kaka ameshika daftari.

Swali moja lililobaki: yale makaa chini ya kitanda yabadilishwe kila baada ya muda gani?

---

Mhudumu_Kisauni · Jumatatu, saa 6:20 mchana

Alhamdulillahi. Makaa: kila siku tatu nne kwa hewa yetu yenye unyevu, au mapema ukiona yameanza kupata ubaridi wa maji. Msiyatupe, yaanikeni juani siku nzima yakauke kabisa, kisha myarudishe. Vunjeni yawe vipande vidogo kama kokoto, yanavuta zaidi kuliko mabonge, na karai lifunikwe kwa wavu au kitambaa chepesi ili watoto wasichezee.